Mkunguni, Saa Nne

Ni mimi niliyeshika mitambo siku ile
ya mkutano wa ardhi pale Mkunguni.
Famau akanguruma: "Wakuya na warudi kwao!"
Mwenyekiti akanikonyeza: zima.
Kidole changu kilishafika swichini.

"Usizime," akasema Nyaguthii wa Hindi,
vumbi la simsim mabegani.
"Mwache amalize, kisha niletee mimi.
Linalosemwa gizani ndilo hunifuata nyumbani."

Waya ulikuwa mfupi.
Famau, bila kumtazama,
akasogea barazani, akampisha.
"Vitovu vya wanangu vimezikwa huku," akaanza,
mara spika zikapiga yowe,
watu wakaziba masikio,
mwenyekiti akakonyeza tena.

Nikapunguza kidogo.
Sikuzima.