Ukurasa wa Kilua

Buku langu la mistari,
lenye doa la shubiri,
nalishika alfajiri
nikiingia zizini.

Ishirini na watano,
kila mmoja na neno:
kwato, mimba, ute, meno,
nimeyaweka bukuni.

Micheweni kwetu mawe,
majani sharti ugawe:
leo huku, kesho wawe
kule upande wa pwani.

Masika kwato huoza;
sakafu nimeikweza,
mbao nimeokoteza
za sanduku bandarini.

Mume wangu, Faki Ngwali,
alicheka: "Lo, ni kweli!
Kondoo waenda skuli,
wafanya na mitihani?"

Idi Kubwa ikafika,
madume saba watoka;
bei niliyoitaka
nimelipwa mkononi.

Siku hizi Faki huja:
"Nisomee moja moja.
Dawa ya minyoo yaja
wiki hii, ama lini?"

Ila jana nafunua
ukurasa wa Kilua,
jike ninayemjua
tangu yumo mikononi.

Mamake alimtupa,
nikamnywesha kwa chupa,
kanga yangu nikampa
alale nayo jikoni.

Masika matatu sasa
hula pumba za mapesa;
buku lasema ni tasa,
na kitu hana tumboni.

Faki: "Huyu tumlishe,
jina lake ulipishe,
kalamu usiichoshe,
asifike mnadani."

Kalamu ikasimama.
Kilua kaja kuhema,
kiganjani kainama
kama enzi za jikoni.

Bei nimeiandika,
tarehe nimeiweka,
pa jina pamesazika
peupe mwangu bukuni.