Chupa ya Chai ya Bi Shinuna

Kamati ilitaka dele.
Dele la shaba, mdomo uliopinda kama wa kasuku,
lisimame katikati ya kipilefti cha Wadi Kabir,
mgeni akipita ajue amefika kwa watu wakarimu.
Bi Shinuna akaisoma barua mara mbili, akaikunja,
akaisukumiza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.
"Wewe," akaniambia, "mara ya mwisho ni lini
umemiminiwa kahawa kwa dele?"
Sikukumbuka.
Kwetu Ruwi, harusini na matangani,
ilikuwa chupa ya plastiki, ya pinki, ina mawaridi,
ukiibonyeza kichwa inatema.
"Basi tuwachongee hiyo."

Alizaliwa Bujumbura, Buyenzi, nyuma ya kaunta ya baba yake.
Shule yake ya sanaa, akisema, ilikuwa rafu:
makopo ya maziwa, ng'ombe yule yule mara arubaini
anakutazama kwa jicho lile lile la huruma.
Alipofika Maskati na sanduku la bati
na Kiarabu cha kuombea maji,
wenzake walikuwa wakichora ngome.
Ngome na mitende. Mitende na ngome.
Yeye akashona kandambili ya godoro, futi tisa,
akaitundika ukumbini mwa benki, mkanda mmoja umekatika.
Akakivika kiyoyozi nta ya rangi ya halwa,
kikadondoka kutwa nzima juu ya viatu vya wageni.
Gazeti likauliza: hii nayo ni sanaa?
Akalikata swali lile kwa mkasi, akalitia fremu,
akaliuza.

Miezi saba uani, na Varghese,
fundi wa matangi ya maji, asiyeuliza kitu ila kipimo.
Faibaglasi ilituwasha hadi usingizini.
Chupa ikapanda, ikapita ukuta, ikapita dishi la jirani.
Mawaridi ni mkono wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
La tatu kutoka mpini nililikosea,
likainamisha kichwa kama lililopokea simu mbaya.
Nikachovya kitambaa nilifute. Akanishika kiwiko:
"Hata kiwandani kuna aliyekuwa na usingizi siku ile.
Liache."

Kamati wakaja, magari matatu.
Wakaketi kivulini, wakanywa vikombe vinne vinne
kutoka chupa ya pinki iliyokuwa mezani,
wakashukuru,
wakasema hapana.

Miaka kumi na sita ilikaa uani.
Paka alizalia ndani yake, kisha wajukuu wa paka.

Halafu usiku ule wadi ikashuka.
Ikachukua geti, ikachukua friji ya Varghese,
ikainyanyua chupa kama mtu anyanyuaye mtoto aliyelala.
Maji hayana kamati.
Asubuhi tuliikuta katikati ya kipilefti,
imesimama, matope hadi kiunoni, kifuniko hakuna.
Siku tatu magari yalipunguza mwendo bila polisi.
Mafundi wa gereji walikaa kivulini mwake
na chupa yao ndogo, wakimiminiana.
Bi Shinuna hakushuka garini.
Aliteremsha kioo, akaitazama sana.
"Imekwenda kushoto kidogo," akasema.
"Mwambieni wadi arudie."

Siku ya nne likaja krini.
Mwaka wa pili tukamzika yeye, Amerat, jua la saa nne,
na matangani, naapa, kahawa ilikuja ndani ya pinki.
Nilicheka. Shangazi yake mmoja hajanisamehe.

Sasa ipo makumbusho, sakafu ya marumaru, taa tatu.
Wamemwandika mwasisi, kwa herufi za dhahabu.
Jana nilikwenda, nimevaa miwani.
Wameisafisha matope. Wamechonga kifuniko kipya.
Nikahesabu kutoka mpini: moja, mbili.
La tatu wamelinyoosha.
Limesimama wima, linatabasamu kama mengine yote.

Nilimuuliza mlinzi wanafunga saa ngapi.
Brashi ninayo. Na nyekundu ile bado wanaiuza Wadi Kabir.