Masika Iko Huku

Tulipofika Kyarumba jua lilikuwa kali,
lakini wanawake walishuka mbio toka kwenye mibuni
wakiita: Mama Masika! Mama Masika!
Nikageuka nyuma kutazama anayeitwa.
Tanga nzima, toka Chumbageni hadi soko la Ngamiani,
mama ni Mama Biira, kwa ajili yangu.
Hapa aliitika upesi,
kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Nikajiambia: labda wanasema mvua.
Labda yeye ndiye huwaletea.

Usiku, jikoni, Mukaka alitushika vichwa,
kila kichwa akakaa nacho kidogo, kama anayechagua nanasi.
"Biira. Baluku. Bwambale."
Kisha, kwa Kiswahili alichookota Mpondwe
akiuziana vitunguu na Wakongo:
"Na Masika iko huku nyuma. Kesho mutasalimia."
Baluku akacheka. "Masika imekwisha, Mukaka!
Tuliiacha Tanga mwezi wa tano."
Mukaka hakucheka.
Alimwongezea obundu na kisamvu.

Kesho ikawa keshokutwa.
Mama alikuwa na nguo za kufua,
kisha nguo zilezile tena.

Kijitoni mtu aliita "Biira!"
tukageuka wasichana sita.
Mimi ambaye shuleni sina wajina,
ambaye walimu huniuliza jina hili la wapi,
nikasimama na ndoo yangu, mmoja wa sita.
Ithungu, binti wa shangazi, akanieleza:
huku jina halichaguliwi, linahesabiwa.
"Biira ni binti wa pili. Kabugho wa tatu.
Mimi wa tano, usinionee huruma."
"Na wa kwanza?"
"Wa kwanza si Masika!"
Akajitwika maji, akapanda zake.

Nikabaki nahesabu vidole.
Nilianza na mimi.
Nikaanza tena.

Alfajiri moja mawingu yalifunguka
na Baluku akaiona theluji, kipande tu, juu kabisa,
kama kona ya shuka iliyosahaulika kambani.
Akataka kuijaza kwenye chupa ya soda awapelekee wenzake.
Thembo alimwambia ni mwendo wa siku nne na baridi inakata masikio,
basi akachota maji ya kijito.
"Hii ni theluji," alisema, "imechoka tu."

Siku hiyo mama alimaliza nguo.
Tukashuka nyuma ya nyumba, tukapita mikeka ya kahawa,
Mukaka mbele, Bwambale mgongoni kwake.
Masale mawili. Jiwe la mtoni.
Hapakuzidi mkeka mmoja. Hapakufika hata nusu yake.
Mukaka alizungumza Kikonzo na lile jiwe,
nami niliambulia majina tu, yetu, moja baada ya jingine,
kama mtu anayetambulisha wageni.
Mama alikuwa anang'oa magugu yasiyokuwepo.
"Alikuwa ameanza kucheka," alisema.
Hakuongeza neno.

Baluku ndiye aliyejua la kufanya.
Aliweka chupa yake chini, akainamisha kichwa
kama anavyofundishwa kila asubuhi nyumbani:
"Shikamoo, dada."

Nilimtazama. Shikamoo zake zote ni zangu,
miaka minane nimezipokea bila kushukuru.
Kisha nami nikainama,
mimi wa miaka kumi na mmoja, mbele ya mtoto wa miezi miwili:
"Shikamoo, dada."

Kimya. Kuku wa jirani akaparua majani.
Halafu mama, sauti imekauka, akaitika kwa niaba:
"Marahaba."

Julai, Tanga, Mwalimu Kihiyo aligawa fomu.
*Mtoto wa ngapi katika familia?*
Kila mwaka niliandika: wa kwanza.
Nikaandika: wa pili.
Akalinganisha na ya mwaka jana, akapandisha miwani.
"Huyo wa kwanza ametokea wapi?"
Nilikuwa na Kiswahili sanifu mdomoni, kimepangwa.
"Masika," nikasema. "Iko Kyarumba."
Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema
hakuniuliza habari za mvua.

Nikaketi.
Sikusahihisha.