Kulabu

Mwaka wa pili wa ubingwa, na kazi yangu ni kuvuta.
Nashika kulabu, navuta nyama ya shingo upande,
nisilegeze, nisikaze, nisipige chafya,
saa sita nzima, huku mwingine ndiye anayeona.
Sikio halipiti kichwa, na hapa Zagreb,
wadi ya masikio, pua na koo, ghorofa ya nne,
kichwa ni Profesa Hrvojka Šantek.
Mimi Dunja ni sikio. Na mkono.

Alhamisi tunashuka chumba cha mazoezi.
Mfupa wa sikio la marehemu aliyeridhia,
keekee yenye ncha ya almasi, maji yakichuruzika,
na ile harufu ya jino linalotobolewa.
Humo mna kijifupa kidogo kuliko punje ya mchele,
umbo lake kikuku cha farasi, bila farasi.
Na kando yake, pua na mdomo, neva ya uso
katika ala nyembamba kama ganda la yai.
"Ukiigusa," asema Profesa, macho hayatoki kwenye darubini,
"mtu huyu hatatabasamu tena. Wala wewe."
Niliigusa mara mbili.
Marehemu hakusema kitu.
Profesa alisema.

Usiku ni wangu:
damu za puani, wazee wa presha wenye taulo jekundu,
mwanafunzi mwenye jipu nyuma ya findo, mate hayamezeki.
Mkesha wa Krismasi, miiba ya samaki:
ukoo mzima umeusindikiza mwiba mmoja,
bibi hajavua hata aproni.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama
mpaka shingo yangu yenyewe inataka daktari.

Bwana Zvonimir Lackić, dereva wa tramu miaka thelathini na moja.
Jina lake, ukijua lugha yetu, lina kengele ndani.
Saratani imelikalia zoloto; kesho tunalitoa lote.
Nilimpelekea fomu. Akasoma kila mstari, akatia saini,
akarekebisha kosa moja la herufi.
Kisha, kwa sauti ya changarawe:
"Una simu? Nirekodi kitu. Cha Jagica."

Nikabonyeza. Akakohoa.
Akatazama dirishani, theluji ikigeuka tope.
Nilidhani atamwambia mkewe anampenda.
Nilidhani atataja vituo vya njia yake, kimoja kimoja.
Dakika mbili na sekunde nne za mtu akitafuta neno.
Halafu akakodolea kioo cha simu:
"Daktari, betri yako imebaki asilimia kumi na mbili."
Akanirudishia. "Basi. Inatosha."

Asubuhi nilivuta.
Saa ya tano ya kuvuta Profesa akaninyoshea mkono,
nikadhani anataka mkasi.
Alikuwa ananipa uzi. "Funga wewe."
Vidole vilivyofunga mafundo elfu kwenye mpini wa jokofu
vikasahau, vikakumbuka.
Fundo moja. Nikarudi kwenye kulabu.

Pembeni, katika bakuli la chuma,
kile kilichowakaripia waliozuia milango ya tramu:
kidogo, cha kijivu, kimelowa.
Nilichungulia ndani.
Sijui nilitarajia nini.

Siku ya tisa pumzi yake ilikwisha kuzoea mlango mpya,
chini ya shingo, na filimbi yake nyembamba.
Jagica alikuja na supu. Nikamsikilizisha.
Kikohozi. Kimya kirefu. Betri.
Akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda,
akaendelea, na haikuwa tena kicheko,
kisha ikawa kicheko tena.
"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo huyo. Rudisha mwanzo."
Mwenyewe akavuta kibao chake, akaandika kwa herufi kubwa:
ULIICHAJI?

Sikuwahi kujibu. Waliniita chini:
mtoto wa miaka mitatu, harage puani,
tundu la kushoto, tangu jana,
limeanza kuvimba.