Safu ya Upungufu

Magunia mia na arobaini ya ufuta
yalishuka Shimanzi Jumatatu ya mvua.
Nikayapanga juu ya mbao, dhiraa moja kutoka ukutani,
maana ukuta wa Mombasa hutoka jasho kama mchukuzi,
nikaandika stakabadhi kwa wino mweusi:
uzito, daraja, unyevu, kodi ya kila juma,
na jina: Badi Mwinyifaki.

Alipoikunja na kuitia kofiani
ufuta ulitoka godauni nyuma yake.
Nisadikini. Hakuna gunia lililosogea,
paka alikuwa amelala juu ya safu ya pili,
lakini ufuta ulikwisha kutoka,
ukapanda tuktuk hadi Mwembe Tayari,
ukanywa kahawa chungu,
ukalala chini ya mto.

Mimi nilibaki na kivuli chake chenye uzani.

Ndiyo kazi yetu: kuitunzia karatasi mwili wake.
Karatasi yenyewe huko nje inatembea,
inaolewa, inaachwa, inaolewa tena,
kila mume akitia sahihi mgongoni mwake,
na mwili umekaa kwangu, haujui
leo ni wa nani.
Mara nne nilifukiza dawa ya fukusi.
Fukusi hawasomi. Walikula walichokula
na karatasi haikupungua hata herufi.

Badi akafa mwezi wa tatu.
Baada ya arobaini Mwanakombo akaja na ufunguo.
Ufunguo wa haki: kufuli la pili lilikuwa la mumewe,
tulifunga wawili, ndiyo desturi.
Akasema, fungua. Harufu hii naijua,
nimeifua kwenye kanzu zake miaka kumi na tisa.
Nikamwuliza, karatasi iko wapi?
Akanitazama kama mtu aliyedaiwa
cheti cha kuthibitisha machozi.

Mkono mtupu haulambwi. Hilo sikulisema.
Nilisema, mama, sheria.
Nilisema, aishikaye ndiye.
Nilisema maneno mengi yenye mihuri
mpaka akarudisha ufunguo kwenye pindo la leso.

Alhamisi akaja Umazi Chengo, lori nyuma yake,
msichana wa hesabu, viatu safi,
na stakabadhi yangu ndani ya plastiki.
Nikaigeuza. Mgongoni, sahihi ya Badi,
mkia wake umeteleza, kama aliyeandika amesimama,
na juu yake pa kuandika jina la mpokeaji
hapana jina.
Mlango ulioachwa wazi, apite apitaye.
Kumbe alikopa. Nyumbani hakuna aliyejua.

Umazi hakuwa mwizi. Alinunua kwa bei, kwa nia njema,
Jumanne, kabla ya chakula cha mchana.
"Ufuta wenyewe unafananaje?" aliniuliza.
Akalipa kodi ya majuma ishirini na mawili,
maana bila kodi hata mwenye karatasi
angesimama juani.
Kufuli la pili tulilikata kwa msumeno.
Ufunguo wake uko Kuze, kwenye pindo la leso.

Mali bila daftari, walisema, hupotea bila habari.
Mali yenye daftari hupotea vipi hawakusema.
Hupotea kwa habari kamili, nakala tatu,
moja ya waridi ibaki ofisini.

Lori lilipoondoka nilifagia.
Kilo mbili na robo, pamoja na vumbi na manyoya ya paka.
Ilikuwa ya Umazi, kama nyingine zote; nalijua hilo
nilipokuwa naifunga kwenye gazeti.
Katika daftari ipo safu ya upungufu:
kukauka, kumwagika, fukusi, panya.
Nusu asilimia inaruhusiwa.
Niliandika "kukauka",
mkono haukutetemeka, nikafunga, nikaenda Kuze kwa miguu.

Mwanakombo aliumimina ungoni, akaupepeta barazani,
vumbi likaenda zake kwa jirani.
Akaonja chembe moja kwa ncha ya ulimi.
Hakuniuliza karatasi.