Bei ya Herufi

Ruwi, nyuma ya maduka ya dhahabu,
mashine ya Kurian inakohoa kama mwenye pumu.
Mimi ndiye mpanga herufi:
kadi za harusi, menyu za biriani,
"Chumba kinapangishwa, makapera tu."
Herufi ya bango ni baisa mia.
Nafasi tupu ni bure.

Jumatano Nyakerario akaleta kopo la maziwa ya unga,
ndani sadaka, rial nne na sarafu mbili tatu,
na karatasi ya kamati:

MTUMISHI WA MUNGU
MHESHIMIWA MCHUNGAJI DAKTARI
ELIFASI MWACHOFI

Nikahesabu kwa ncha ya kalamu.
Jina alilopewa na mamaye: rial moja na nusu.
Yaliyolitangulia: rial nne na baisa mia.
"Udaktari wa nini?" nikauliza.
"Cheti kilikuja kwa simu," akasema, akitazama feni.
Kurian akacheka: "Kwetu padri tunamwita baba,
na bado nauli yake nalipa mimi mwana."

Nilikuwa na hoja yangu, nimetoka nayo Wundanyi,
imekunjwa vizuri kama shati la kanisani:
aliyejifunga taulo akaosha miguu ya wavuvi
hakudai Mheshimiwa kabla ya kushika beseni.
Nikafuta neno. Nikafuta la pili.
Nilifurahi kufuta, sitaficha.

Alhamisi usiku akaja mwenyewe,
macho mekundu, ananuka klorini,
katoka kusugua bwawa la hoteli kule Qurum.
Mfukoni pa shati, kwa uzi wa buluu: 0417.

Nikamwambia habari ya taulo.
Akanyamaza, kisha:
"Ndiyo, ndugu. Lakini yeye alianza akiwa Bwana.
Alivua kitu ndipo akainama.
Mimi Jumamosi hadi Alhamisi nimeinama.
Ni 'ya sadiq', ni 'wewe', ni sifuri nne moja saba.
Msimamizi hajui kama ninalo jina.
Ijumaa mtoto mmoja akiniita Mchungaji
mgongo unanyooka, nasikia mfupa ukilia.
Nikivua na hilo,
nitabaki nimevaa nini?"

Mstari niliujua. Sura niliijua.
Sikujua pa kuuweka.

Daktari akalifuta yeye,
kwa kidole kilichopasuka kwa dawa.
Mheshimiwa nilikuwa nimeshalitupa.
Mtumishi tukaliacha liende, ingawa hilo,
akasema, ndilo la kweli kuliko yote.
Likabaki MCHUNGAJI, saizi ileile ya jina,
na nafasi kubwa pembeni, ya bure.

Ijumaa, ukumbi wa Ghala, bango likaning'inia
saa nne hadi saa sita. Nyakerario alinuna:
"Kamati itasema tumemvua nguo."
Saa sita Wafilipino wakaingia na magitaa yao,
tukalishusha.

Mwezi ukapita. Nilimpelekea dawa ya macho
kambini Rusayl, watu wanane chumba kimoja.
Kitanda chake cha chini kilikuwa na pazia
la plastiki nyeupe, halina kitu.
Bango letu. Maandishi kayageuzia ndani.

Sikubisha hodi.
Akawasha simu huko ndani, apate kusoma,
na mwanga ukazisukuma herufi zikanifikia kinyume,
nami nikasimama pale nikizifuata
kutoka kulia kwenda kushoto,
kama wasomavyo wenye nchi.