Sketi Kutoka Robotani

Kadzo alikata kamba ya robota alfajiri,
Kongowea bado inapiga miayo.
Akatoa jinzi, akatoa shati la mtu mnene,
kisha kitu kikafumuka, puu,
kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
"Chandarua cha mdoli!" wenzake wakamcheka.
"Kawa la harusi ya paka!"

Akaniletea Mtaa wa Biashara,
kimefungwa katika leso iliyochanika.
Mimi ni fundi. Nguo siitazami, naifumua.

Wavu mgumu, tabaka juu ya tabaka;
nilihesabu kumi na moja,
zimeshikizwa kwa mkono, hatua ndefu ndefu
za mtu aliyesikia pazia likivutwa.
Kifuani, vyuma vyembamba ndani ya ukanda.
Kwapani, jasho la mtu nisiyemjua
limechora kisiwa cha kahawia.

Marehemu Yusufali, aliyenifunza kukata,
aliwahi kuwashonea hizi watoto wa wakubwa wa bandari.
"Ngoma hii," akisema, pini mdomoni,
"ililelewa majumbani mwa wafalme.
Wanaume wakiicheza kwa barakoa,
sketi zimewatuna kiunoni kama matenga ya kuku.
Wanawake walipoingia, waliingia na nguo za karamu,
hariri mpaka sakafuni, na visigino.
Nani ataruka na mzigo wa hamali?
Akatokea mmoja akapandisha pindo.
Inchi chache, Mwanate, chache tu!
Mji mzima ukashika kichwa:
kifundo cha mguu kimeonekana."

Nilicheka. Mombasa hii,
kifundo cha mguu kina kesi yake mpaka leo.

Hapa alizitoa pini mdomoni.
"Zikaja nyeupe, za melimeli, nyepesi kama pumzi,
na taa za gesi zinawaka ukingoni mwa jukwaa.
Wasichana waliungua.
Ikapatikana dawa ya kuchovya nguo isishike moto.
Wako walioikataa:
inaifanya melimeli kuwa ngumu, ya manjano."
Akanyamaza. Akarudi kwenye cherehani.

Siku nyingine, bila kuulizwa, akaendelea:
wachezaji wa Urusi walifika Paris
na vilemba, na suruali pana zilizobanwa miguuni,
rangi za kuumiza macho.
Mabibi wakatoka ukumbini mbio kwa mafundi wao:
nami nataka, nami, nami.
Wakasema ni mpya. Wakasema ni ya Mashariki.

Nami ninayo picha ya nyanya yangu, Bi Somoe,
Kibokoni, ameketi kwenye kigoda,
suruali ya marinda imembana juu ya kifundo,
uso umekasirika kwa kungoja kamera.
Hakuna aliyemkatia tiketi.

Na kesho pita Barabara ya Digo:
viatu bapa, kitanzi cha utepe mbele, mia tatu jozi.
Karani wa benki anavyo, mwalimu anavyo,
muuza kadi za simu anavyo, kavikanyaga nyuma.
Wote wanatembea na mguu wa mchezaji
na hawana habari.

"Kata," akasema Kadzo. "Jumamosi kuna harusi Kuze,
tutoe vigauni viwili vya watoto, tugawane."
Nikakata tabaka saba.
Mkasi ulipofika kwenye vyuma, mkono ukakataa;
sikuuliza kwa nini.
Zilizobaki nikampimia bintiye, Dama, miaka tisa,
juu ya sare ya shule, pale barazani.
Nilidhani atazunguka. Nilidhani, sijui,
atasimama kwa vidole.

"Inawasha," akasema.

Karne tatu za mafundi, na moto, na wafalme,
na hukumu ni hiyo.
Ana haki yake.

Basi nikaichukua ile leso iliyochanika,
nikaikata bitana ya kiuno,
pamba iliyolainika kwa kufuliwa.
Maandishi yake sasa yamegeukia ndani,
yanamgusa mtoto ngozi, hakuna atakayeyasoma:
*Ajuaye mbano ni mvaaji.*

Dama akaruka mtaro,
akaenda kununua barafu.